Mungu amemsamehe aliyeonyesha karakana yangu. Mimi hakuniuliza

Fundi wa Kaptembwo (mleta uzi)

Wadau, uzi huu ni mrefu na hauna picha. Mwenye haraka apite salama.

Jumapili iliyopita kanisani kwetu hapa Nakuru palikuwa na ibada ya ushuhuda. Wakasimama watu watatu. Wa kwanza alikuwa amepona figo, wa pili mwanawe kapata kazi ng'ambo. Wa tatu alipoanza kwenda mbele, miguu yangu ilikufa ganzi. Namjua yule mtu kwa mgongo. Namjua anavyokohoa kabla ya kusema. Nitamwita Jirani, kwa sababu ndivyo alivyokuwa.

Akasema ameokoka mwaka jana. Akasema alikuwa mtu wa giza, "na wengine wenu mnakumbuka 2008, mikono yangu haikuwa safi." Hapo akalia. Mchungaji akamkumbatia, kinanda kikaingia, kina mama wakapiga vigelegele, kanisa zima likasimama kupiga makofi. Mama watoto akanitazama. Nikachukua kofia yangu nikatoka, nikaenda kusimama kando ya choo mpaka ibada ikaisha.

Sitataja kabila lake wala langu. Wa Nakuru mtajua, wa mbali haitawasaidia.

Januari ile ya ghasia za baada ya uchaguzi, Eldoret na Molo ziliwaka tangu mwanzo wa mwezi. Sisi wa mjini tukadhani tumeponea, hata nilikuwa nimepokea oda ya madawati. Ikafika wiki ya mwisho. Jirani alikuja usiku na vijana ambao sijawahi kuwaona mtaani, yeye ndiye mwenye tochi. Akalimulika lango la karakana yangu akasema maneno mawili tu: "Ni hapa." Nilikuwa nyuma ya tangi la maji la nyumba ya pili, nimemziba mtoto wangu mdomo kwa kiganja. Hakupiga mtu. Hakuwasha kiberiti. Alionyesha tu.

Ndani alikuwa amelala mwanagenzi wangu, kijana wa miaka 19 kutoka upande wa Elburgon. Alikuwa na mikono myepesi, ameshaanza kuunda viti bila mimi kusimama nyuma yake. Hakutoka.

Tulikaa kwenye hema pale uwanja wa maonyesho miezi minne. Baadaye Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia zile, iliandika kwamba waliokufa nchi nzima ni 1,133. Kila nikiiona hiyo namba najaribu kuhesabu nifike kwake, sijui ni wa ngapi. Nikapewa zile shilingi 10,000 za kuanza upya, nikanunua msumeno na patasi mbili. Randa ya marehemu baba sikuiona tena.

Basi tangu Jumapili nasoma Yona. Sande skuli tulifundishwa samaki, samaki, samaki. Nimehesabu: samaki yumo kwenye aya tatu tu. Kitabu kizima kinahusu mtu aliyekasirika. Anatumwa kuuonya Ninawi, mji wa maadui zake, mashariki, naye anateremka Yafa kulipa nauli ya Tarshishi, magharibi. Ni kama mtu wa hapa ametumwa Malaba, mpakani na Uganda, akakata tiketi ya Mombasa, pwani. Na si kwa woga, Mungu alipousamehe ule mji mwenyewe anasema, sura ya 4: nilijua wewe ni mwenye neema, si mwepesi wa hasira, una rehema nyingi. Yaani anazitaja sifa za Mungu kama karani anayesoma mashtaka mahakamani.

Hapo ndipo nilipo mimi. Msije mkaniambia nina imani haba. Kama ningekuwa siamini kwamba Mungu anasamehe watu kama Jirani, ningekaa kwenye benchi langu nikapiga makofi na wengine, nikijua ni maigizo. Nimetoka kwa sababu naamini.

Sisi Wakenya tuna ule msemo, Mungu si Athumani. Chunguzeni tunautumia lini. Ni pale adui yetu amepatwa na jambo. Gari la tajiri aliyekudhulumu limeanguka: Mungu si Athumani. Sijawahi kusikia mtu akiusema adui yake akibarikiwa.

Msiniletee na "yaliyopita si ndwele". Si ndwele kwa nani? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi vitanda ndiyo kazi yangu.

Swali langu ni hili. Mama ya yule kijana yuko hai. Hakuwa kanisani Jumapili. Mungu alipata wapi ruhusa ya kusamehe kifo cha mtoto wake kabla ya kumuuliza yeye?

---

Boda wa Rhonda

Mzee pole. Nimesoma nikiwa stage mpaka zamu yangu ikachukuliwa.

---

Msomaji wa Mwanza

Mkuu, pole sana, sisi huku tuliyaona kwenye televisheni tu. Ila Maandiko yako wazi, Mathayo 5:45, Baba huwaangazia jua waovu na wema, na mvua ni ya wote. Usiposamehe unajifunga mwenyewe kamba, mwenzako anaendelea na maisha. Achilia.

Fundi wa Kaptembwo

Asante ndugu. Mvua nimeikubali zamani, ilinyesha kwenye hema langu na kwenye mabati yake usiku mmoja. Lakini mvua haipigiwi makofi.

Na hilo la kuachilia, niliachilia 2009, kwenye semina ya maridhiano, tukapewa soda na cheti. Cheti ninacho. Sikumfuata, sikumroga, sikumshitaki, nikikutana naye sokoni nilikuwa nabadilisha njia. Nilidhani huko ndiko kusamehe. Kumbe nilikuwa nangoja Mungu afanye kazi yake, na kazi niliyokuwa naingoja si hii.

---

Katekista wa Mumias

Ndugu fundi, nafundisha wakatekumeni, wale wanaojiandaa kubatizwa, kitabu hicho kila Kwaresima, na huwa naogopa wasije wakakimaliza wakicheka.

Tuanze na Yona mwenyewe. Ametajwa pia 2 Wafalme 14:25, zama za mfalme Yeroboamu wa pili. Kwao ni Gath-heferi, upande wa Galilaya. Sasa angalia kilichofuata. Ashuru, ambao Ninawi ulikuwa mji wao mkubwa na baadaye makao yao makuu, waliteremka wakaichukua Galilaya, 2 Wafalme 15:29, miaka ya 730 KK. Wakaimaliza Samaria karibu mwaka 722 KK. Yaani wale waliohurumiwa, au watoto wao, ndio waliokuja kumaliza kijiji cha nabii. Mwaka 701 KK wakauteka Lakishi, mji wa Yuda, na mfalme wao Senakeribu akachonga ushindi huo kwenye kuta za ikulu yake, Ninawi hukohuko. Mawe yale yapo London, British Museum. Watu wanachunwa ngozi wakiwa hai, wengine wametungikwa kwenye miti, na mchongaji ametulia anachora mpaka majani ya mizabibu.

Wataalamu wengi wanaona kitabu cha Yona kiliandikwa baada ya hayo yote. Kwa hiyo waliokisikia kwanza hawakuwa watu wa sande skuli. Walikuwa kina wewe.

Na kuna Nahumu, nabii mwingine mwenye kitabu chake. Ninawi ulipoanguka mwaka 612 KK, Nahumu ndiye anayeshangilia, sura tatu nzima hakuna huruma ndani yake. Kati ya Yona na Nahumu kwenye Biblia yuko Mika peke yake. Kitabu kimoja nabii anaudhika kwamba Ninawi umepona, kingine wimbo kwamba umekufa, na hakuna aliyethubutu kukiondoa hata kimoja. Mimi ukiniuliza, unayo haki ya kusoma vyote viwili.

---

Mama Wawili, Kisumu

Katekista umenipa chakula. Huku kwetu 2008 tulizika, sitaki kurudi huko. Mimi niliacha kusoma Yona nikashikilia Nahumu karibu miaka kumi, mchungaji akadhani natayarisha mahubiri.

Fundi, umeona lakini kwamba Mungu hakumfukuza Yona pale alipokaa? Kibanda kajenga mwenyewe, kanuna, anaomba kufa mara mbili, na Mungu anamwoteshea mmea wa kivuli. Halafu anaukausha, sawa. Lakini aliuotesha kwanza.

Fundi wa Kaptembwo

Mama, nimeona. Biblia yetu inauita mtango, wengine wanasema ulikuwa mbarika, huu unaoota ovyo kwenye nyua zetu. Kando ya kile choo cha kanisa upo mmoja. Nilisimama chini yake nikajicheka.

---

Ustadh wa Bondeni

Assalaam alaykum. Kwanza, Athumani mnamsingizia, hana kosa lolote.

Nabii Yunus, amani iwe juu yake, ana sura nzima kwa jina lake katika Qur'ani, na aya ya 98 ya sura hiyo inasema kaumu yake ilipoamini iliondolewa adhabu. Sura ya 37 inataja mmea uleule, na idadi ya watu: laki moja au zaidi. Hilo hatubishani.

Lakini swali la fundi kuhusu yule mama ni swali la fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, na lina jibu. Maulamaa wameweka masharti ya toba: uache dhambi, ujute, uazimie kutorudia. Hayo matatu ni baina ya mja na Mola wake. Dhambi ikiwa imegusa mtu mwingine, linakuja la nne: haki ya mja. Mali uirudishe, heshima uiombee radhi, damu ukabiliane na wenye damu. Machozi ya mimbarini siyahukumu, huenda ni ya kweli kuliko yangu. Ila kwa hesabu hiyo Jirani yako bado hajafika mwisho wa toba yake, na waliopiga makofi walipiga mapema.

Katekista wa Mumias

Ustadh, nakuunga mkono. Wayahudi husoma Yona alasiri ya siku yao ya Upatanisho. Na wahenga wao katika Mishna, mkusanyo wa sheria zao, waliandika kwamba siku hiyo inafuta makosa ya mtu kwa Mungu, ila ya mtu kwa mwenzake haiyafuti mpaka amridhishe mwenzake. Kwetu pia, Zakayo hakusema "nimeokoka" akaketi. Alisema nusu ya mali kwa maskini, na niliyemdhulumu namrudishia mara nne. Hata Ninawi, mfalme alipoamuru magunia na kufunga, aliongeza kila mtu auache udhalimu ulio mikononi mwake. Na Yona 3:10 inasema Mungu aliona matendo yao. Magunia haiyataji.

Msomaji wa Mwanza

Randa inarudi. Kijana anarudije mara nne?

Ustadh wa Bondeni

Harudi.

---

Msimamizi

Nimefuta majibu sita. Mleta uzi amesema makabila hayatajwi. Atakayerudia, uzi unafungwa.

---

Mtoto wa Naivasha

Nimesoma usiku mzima nikiogopa kuandika.

Nilikuwa na miaka 8. Baba alirudi nyumbani asubuhi moja ya Januari ile na televisheni na gunia la mchele. Mama hakuuliza kitu. Tulikula ule mchele mpaka Machi. Nilipokua ndipo nikaelewa ulitoka duka la kona, la watu ambao mtoto wao tulikaa naye dawati moja. Shule ilipoendelea hakuwepo. Nilipewa dawati peke yangu na nilifurahi, nilikuwa mtoto.

Baba alifariki 2019 bila kusema neno. Kwenye mazishi walisema alikuwa mpole, na kwetu sisi alikuwa mpole kweli, hilo ndilo linalonitesa.

Ile aya ya mwisho ya Yona, ya watu zaidi ya 120,000 wasioujua mkono wao wa kuume wala wa kushoto, na wanyama wengi, mimi nimo humo. Moto ungeshuka Ninawi ungenikuta nimelala, nimeshiba mchele wa watu. Simtetei baba. Nakuuliza tu mzee fundi, ungetaka ushuke?

---

Boda wa Rhonda

Aisee.

---

Fundi wa Kaptembwo

Binti yangu, nimekaa na swali lako siku mbili, ndiyo maana nimekuwa kimya.

Hapana.

Lakini nawe ujue, mwanagenzi wangu pia hakuujua mkono wa kuume wala wa kushoto wa siasa za watu. Alijua randa na patasi. Kwake ulishuka. Naomba usidhani nakujibu kwa ukali. Nakuambia tu kwamba Ninawi ilikuwa na watoto, na hapa palikuwa na watoto vilevile, na huo mti wa kivuli ukaota upande mmoja.

Jina la yule mwenzako wa dawati unalikumbuka?

Mtoto wa Naivasha

Nalikumbuka, jina lake na la baba yake. Nimelitafuta mtandaoni mara nyingi. Nikilipata nafunga simu.

---

Mama Wawili, Kisumu

Mwanangu, njoo Kisumu siku moja tule samaki. Sina la kukuambia, ni samaki tu.

---

Fundi wa Kaptembwo

Wadau, kuna jambo.

Jumatatu saa kumi na moja jioni Jirani alikuja karakana. Peke yake, mchana kweupe, mikono mitupu. Ya kumwambia nilikuwa nimeyapanga tangu 2008, nimeyapiga randa na msasa mpaka yakang'aa. Nikajua anakuja kuniomba msamaha na nikajua nitayatoa yote.

Hakuniomba. Aliketi juu ya gogo, akatazama vumbi la mbao, akaniuliza saiprasi siku hizi ni pesa ngapi futi. Nikamtajia. Akasema imepanda. Nikasema imepanda. Tukanyamaza kama watu wanaongoja matatu.

Kisha akakohoa. Akasema, "Randa ya mzee ninayo. Sikuiuza, sikuitumia. Nitaileta." Akanyamaza tena. "Yule kijana. Mama yake anakaa wapi?"

Nikamuuliza wa nini. Akasema, "Kwake sina cha kurudisha. Nataka anione tu. Asiniskie kanisani kwa watu, anione."

Njia ya kwa yule mama, kwa watu wote anaowajua Jirani, naijua mimi peke yangu. Huwa naenda kila Desemba, napeleka unga na sukari. Ukishuka Elburgon unaendelea kwa miguu.

Basi nimeelewa. Tiketi ya Malaba iko mkononi mwangu, na moyo wote umeshapanda basi la Mombasa.

---

Msomaji wa Mwanza

Mkuu, huo ni mlango umefunguka! Mpeleke!

Mama Wawili, Kisumu

Pole pole. Usithubutu kumpeleka bila kumuuliza mwenye nyumba. Mama hajaomba kuonwa. Hatujui moyo wake uko Yona au uko Nahumu, na akiwa Nahumu ni haki yake. Mtu asiende kupakua dhambi zake kwenye mlango wa mjane halafu arudi Nakuru mwepesi.

Ustadh wa Bondeni

Mama amesema kweli. Kutafuta radhi ni wajibu wa aliyekosa. Kuitoa si deni la aliyekosewa. Na fundi, kama utakwenda, usiwe wakili wa yeyote. Wewe onyesha njia.

Fundi wa Kaptembwo

Kuonyesha. Ustadh, umechagua neno.

---

Fundi wa Kaptembwo

Nimempigia simu jana jioni. Nilizunguka sana, mahindi, magoti yake, mvua ya Mau. Mwishowe nikasema. Nilisikia kuku, nikasikia mtu akifunga mlango. Nikadhani simu imekatika.

Akasema, "Alikuwa na tochi?"

Nikasema ndiyo.

Akasema, "Basi aje mchana. Usiku sipokei watu."

Nikamuuliza kama nije naye au nimwelekeze tu. Akasema, "Wewe unajua kiti chako." Kweli kipo, kile cha mwisho alichounda mwanawe, tulikipata kwa mteja tukampelekea. Anakikalia mtu mmoja tu nikienda, na mtu huyo ni mimi.

Tumepanga Alhamisi, gari la saa mbili asubuhi. Jirani amenitumia nauli ya wawili kwa simu. Sijaigusa. Mama watoto ameniuliza kama nitakuwa na kofia au sitakuwa nayo, nikamwambia swali gani hilo, kumbe ananichunguza uso.

Sijui kama Alhamisi nitafika stage.

---

Katekista wa Mumias

Tunakuombea. Na yule mama. Na huyo mwingine pia, ingawa najua hutaki kulisikia hilo leo.

---

Mtoto wa Naivasha

Mzee fundi, ukifika, mwangalie mama anavyomwangalia. Halafu uniambie.

---

Boda wa Rhonda

Mzee, leo ni Jumamosi. Mlienda?